Kamba ya Mafundo Saba

Shinyalu, Kakamega
12 Aprili 1964

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi tu wazima, ila Mama anasumbuliwa na goti kila mvua ikinyesha, na mvua ya mwaka huu hainyamazi. Je, wewe? Kile kikohozi ulichotuandikia wakati wa Krismasi kimekuacha?

Nina habari. Likizo hii shule imetugawa sisi wasichana wa kidato cha pili twende tukajifunze kazi mjini. Wengine wamepelekwa hospitali, wengine ofisi za serikali. Mimi na Beldina, yule wa Malava ninayelala naye bweni moja, tumepelekwa kwa Fundi Ishaq, Mwislamu wa Mumias mwenye cherehani nne karibu na soko la Kakamega. Nilidhani nitashona. Kumbe wiki mbili sasa sijagusa cherehani. Fundi anasema kushona ni kazi ya mguu, kukata ni kazi ya kichwa. Anatupa karatasi za mifuko ya saruji, chaki na futi, nasi tunachora nguo kipande kwa kipande: mgongo peke yake, kifua peke yake, mkono peke yake. Karatasi hiyo ndiyo inayoitwa pateni. Ukishaikata sawasawa unailaza juu ya kitambaa na kufuata ukingo wake.

Baba, mkono wa koti ukilazwa mezani haufanani na mkono wa mtu. Unafanana na kengele. Nilipouliza kwa nini, Fundi akanijibu, "Kwa sababu bega si kona ya meza, binti. Bega ni kilima." Siku hiyo nilirudi nyumbani nikikodolea macho mabega ya watu njiani, hadi mama mmoja akaniuliza, "Kwani nina siafu mgongoni?"

Naitaka kazi hii. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Mimi mwanao,
Jescah Ayuma


Shamba la mkonge, Voi
3 Mei 1964

Mama,

Barua yako imefika, imelowa pembe moja lakini inasomeka. Karani aliyenipa kalamu ameniuliza kwa nini namwita binti yangu Mama. Nimemwambia umebeba jina la mama yangu, na mtu hawezi kumwita mama yake Jescah kama anamwita kuku. Amecheka, lakini yeye si wa kwetu.

Mimi nipo. Kikohozi kipo pia, tumezoeana. Wamenitoa kwenye kukata majani wakaniweka chumba cha brashi, ambako mashine inasugua nyuzi zilizokauka. Vumbi lake ni jeupe. Jioni sote tunatoka kama watu wa kinu cha mahindi. Kipkemboi, Mnandi ninayelala naye chumba kimoja, yeye anapakia marobota nje kwenye hewa. Ana mabega ya ng'ombe wa jembe na anakula sima ya watu wawili. Uhuru tulipata Desemba, tukacheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Kesho yake kengele ililia saa kumi na mbili vilevile.

Hilo neno pateni limenichekesha. Mimi niliishia darasa la nne, nikadhani Fundi anawaamuru: pateni! Nikajiuliza, wapate nini? Basi nawe pata, Mama. Sisi huku tumeagizwa tu kukata.

Msalimie mama yako Musimbi na goti lake. Mwambie alisugue na mafuta ya taa.

Baba yako,
Philemon Shitanda


Kakamega
16 Agosti 1964

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Mama hajambo, mafuta ya taa alisema yananuka kuliko goti linavyouma.

Tumerudi kwa Fundi Ishaq likizo hii pia, na safari hii kuna jambo kubwa. Tarehe tano Desemba atakuja bibi mmoja kutoka Nairobi, kwenye shule wanakofundisha kukata nguo na kubuni mitindo. Atachukua msichana mmoja tu kutoka kwa Fundi, mimi au Beldina. Masomo, kulala, kula, vyote vitakuwa juu ya shule hiyo. Atakayebaki atabaki. Mwaka ujao bibi huyo atakwenda wilaya nyingine.

Mtihani wenyewe ni huu. Kila mmoja atakata na kushona koti la mwanamume bila kumjaribisha hata mara moja. Fundi amesema, "Kumshonea mtu aliyesimama mbele yako, hata mbuzi akifundishwa ataweza. Kata koti la mtu usiyemwona, kwa vipimo vitupu. Siku hiyo aje, alivae, na watu waone." Beldina amemchukua mjomba wake aliye karani Eldoret. Mimi nimesema nitamshonea baba yangu.

Naomba vipimo saba: shingo, bega hadi bega, mkono, urefu wa koti, kiuno, kifua na nyonga. Kama huko hakuna futi, chukua kamba. Choma ncha moja kwa moto, halafu kila kipimo kianzie kwenye ncha hiyo, na kinapoishia funga fundo.

Mama amekasirika. Anasema kamba hapana.

Mwanao,
Jescah Ayuma


Voi
30 Agosti 1964

Mama,

Salamu za jua kali. Mimi naendelea.

Mama yako amesema kweli, usimnunie. Kwetu mtu hapimwangi kamba akiwa hai. Baba yangu alipofariki nilimwona seremala akiinyoosha kamba kutoka utosini hadi kwenye nyayo, akaenda nayo kukata mbao za jeneza, na kamba ile ilizikwa pamoja na marehemu. Haikurudi nyumbani. Sasa wewe unaniambia nijizungushie kamba nikiwa mzima, nikufungie kwenye bahasha, nikupelekee Shinyalu? Majirani wakiiona watauliza matanga ni lini.

Na futi hapa hakuna. Ya karani ni ya kupimia mashamba, ya chuma, inakata.

Mshonee mjomba wako Erastus. Yuko hapo karibu, ana mwili mzuri.

Baba yako,
Philemon Shitanda


Kakamega
9 Septemba 1964

Baba mpendwa,

Habari ya siku nyingi? Hapa tu wazima. Naandika upesi kwa sababu shule imefungua. Naruhusiwa kwenda kwa Fundi Jumamosi tu.

Mjomba Erastus nilimwona kila siku likizo nzima, kwa hiyo hafai. Nilimsomea Fundi barua yako. Aliweka mkasi chini akasema, "Mwambie mzee, mimi nimepima watu miaka thelathini. Kama futi ingekuwa inaua, Mumias pasingebaki mtu." Halafu akaniambia kwa upole kuwa bila vipimo hawezi kuliandika jina langu.

Baba, mara ya mwisho nilikuona nikiwa darasa la saba. Nakumbuka ulinibeba mabegani kuvuka mto Isiukhu ingawa nilikuwa mkubwa, na nilishika masikio yako. Mabega yenyewe siyakumbuki. Nisaidie niyajue.

Nisipopata vipimo nitakata nini?

Mwanao,
Jescah Ayuma


Voi
27 Septemba 1964

Mama,

Nakusalimu. Kamba hiyo imo ndani. Ni uzi wa mkonge wetu hapa, nimeusokota mwenyewe na kuchoma ncha kama ulivyosema. Ukianzia kwenye ncha iliyoungua: fundo la kwanza ni shingo, la pili mabega, la tatu mkono, la nne urefu wa koti, la tano kiuno, la sita kifua, la saba nyonga. Kipkemboi ndiye aliyenisaidia. Yeye ni Mnandi, haogopi. Alisema, "Ninyi Waluhya mnaogopa kamba, na kazi mliyokuja kufanya huku ni kutengeneza kamba!"

Kipimo cha kutoka utosini hadi kwenye nyayo hakimo. Hicho koti halikihitaji.

Ukimaliza ichome. Mama yako asiione.

Baba yako,
Philemon Shitanda


Kakamega
25 Oktoba 1964

Baba yangu mpendwa,

Salamu! Uko salama? Sina haja ya kuuliza, kamba imesema yote!

Nilipoilaza kwenye futi ya Fundi sikuamini. Kifua inchi arobaini na mbili! Nilirudia mara tatu. Nyumbani kuna lile koti lako la mvua la zamani. Nimelipima, wewe wa sasa huingii humo hata kwa kusukumwa. Nisamehe, nilimwonyesha Mama. Kwanza alikunja uso kwa ajili ya kamba. Kisha nikamwambia kifua chako kimefika wapi, akakaa kwenye kigoda akacheka mpaka akafuta machozi na kitambaa cha kichwani. "Kumbe anakula!" akasema. "Nami nimekuwa nikimwombea kila usiku kama mtoto yatima. Kifua cha chifu!" Tangu siku hiyo anawaambia watu sokoni kwamba mkonge unalipa.

Pateni imekwisha. Fundi aliigeuza, akaitazama kwenye mwanga, akasema "Bismillahi," akanipa mkasi mkubwa, ule ambao hata wasaidizi wake hawaugusi. Kitambaa ni cha kijivu, bitana nyeusi. Jumamosi iliyopita nilipiga bandi mikono yote miwili, yaani niliishikiza kwa uzi wa muda, na imekaa bila kukunjamana. Beldina alikuja kuangalia. Halafu akasema, "Wewe nenda tu ufungashe sanduku."

Umeshaomba ruhusa? Usikose. Tarehe tano, Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mwanao mwenye furaha,
Jescah Ayuma


Voi
15 Novemba 1964

Mama,

Salamu. Ruhusa nimepata. Nilitaka kukuandikia jambo, nimeanza mara mbili na karatasi imekwisha. Nitakuja.

Baba yako,
Philemon Shitanda


Shinyalu
13 Desemba 1964

Kwa Baba,

Natumaini ulisafiri salama. Tuliamka Jumapili tukakuta kitanda kimetandikwa na koti halipo msumarini. Mama alikimbia na goti lake hadi barabarani, basi lilikuwa limeondoka.

Hatujui unaumwa nini, Baba. Uliposhuka pale stendi Ijumaa nilikupita. Nilikuwa natafuta mtu mwenye kifua cha inchi arobaini na mbili. Ni wewe uliyeniita, "Mama," ndipo nikageuka. Mama anapika, anakaa, anapika tena kama vile bado upo.

Ya Jumamosi unayajua, ulikuwepo. Lakini sijui ulisikia nini, kwa sababu ulikuwa umeinamisha kichwa. Yule bibi aliingiza ngumi yake yote kati ya kola na shingo yako. Akashika mgongo wa koti akaukunja mara mbili. Mikono ilifunika vidole vyako. Watoto waliochungulia dirishani wakacheka, mmoja akasema, "Amevaa blanketi." Bibi hakuwa mkali. Alimwambia Fundi tu, "Mshono ni mzuri sana. Lakini msichana huyu hajui kusoma kipimo, na asiyejua kusoma kipimo sina la kumfundisha." Akaandika jina la Beldina.

Fundi Ishaq hakunitetea, na sikutegemea anitetee. Alikusanya pini zilizoanguka sakafuni, moja moja.

Nimewaambia watu kwamba uliugua baada ya Septemba. Lakini mtu hawezi kupungua mabega, Baba. Nyama hupungua, mfupa wa bega haupungui inchi tatu. Kwa hiyo kosa ni langu, ila silioni liko wapi. Kamba sikuichoma, samahani. Nimeilaza kwenye futi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Naomba uniambie jambo moja tu: je, mafundo niliyasoma vibaya?

Mwanao,
Jescah Ayuma


Shinyalu
21 Februari 1965

Kwa Baba,

Hujambo? Sisi tupo. Mama amepanda maharagwe ya mapema.

Sijapata jibu la barua yangu ya Desemba, labda ilipotea. Niliuliza kama niliyasoma mafundo vibaya. Usijisumbue tena. Nimekubali kwamba nilikosea, ndivyo nilivyomwambia Fundi Ishaq nilipokwenda kumrudishia futi yake. Pateni zangu zote nimempa Mama awashie moto. Karatasi ya saruji inashika moto vizuri.

Beldina ameandika kutoka Nairobi. Anasema huko wanakata kwa karatasi nyeupe.

Mwanao,
Jescah Ayuma


Voi
14 Machi 1965

Mama,

Nakusalimu kwa aibu. Barua zako zote mbili nilizipata. Ya Desemba niliisoma nikaiweka chini ya mkeka, na kila nilipolala niliisikia.

Hukuyasoma mafundo vibaya. Kamba ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya Kipkemboi.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, nami sina wa kumsingizia. Kwanza nilijiambia ni mwiko wa kamba. Kwamba nikimpima Kipkemboi hakuna ubaya, kwao kamba ni kamba, na wewe utapata vipimo vyako, na nyumba yetu haitaingia kitu cha msiba. Huo ni uongo nusu. Kweli yenyewe ni kwamba nilianza kujipima. Nilizungusha kamba kifuani, nikaona ncha zinavyokutana mapema, nikaifungua. Sikutaka wewe na mama yako mjue kwa kuhesabu inchi kwamba chumba cha brashi kimenimaliza. Ndipo nikamwita Kipkemboi, nikamwambia simama.

Halafu ukaandika jinsi mama yako alivyocheka. Baada ya hapo ningesema nini? Nikasema nitakula. Novemba yote nilikula sima ya Kipkemboi juu ya yangu, yeye akinisukumia sahani, nikidhani Desemba koti litanikuta nimelifikia. Chakula kilitoka kwa kikohozi. Na mfupa, kama ulivyosema, haunenepi.

Siku ile yule bibi alipoingiza ngumi kwenye kola nilijua kwamba neno moja tu lingekuokoa. Ningesema, "Si kipimo changu, nilimdanganya mtoto." Nilifungua mdomo. Nikawaona wale watu, nikamwona mama yako amesimama mlangoni na kitambaa chake kipya alichovaa kwa ajili yangu, nikaufunga. Basi. Mtu anaweza kubeba mkonge miaka kumi na minne asiweze kubeba neno moja.

Koti nilikuja nalo. Jumapili iliyopita nilimpa Kipkemboi alivae. Mama, lilimkaa kama ngozi yake. Kola ililala shingoni kimya. Mkono uliishia penye kifundo cha mkono, si juu si chini. Aliinua mikono, akainama, akajifanya anapakia robota, na mgongo haukuvuta popote. Watu wa laini yetu ya vyumba walitoka nje kumtazama, wakamuuliza fundi gani amekushonea, ana duka Mombasa? Akawaambia, "Ni binti wa Shitanda. Hajawahi kuniona."

Hakuna mtu aliyewahi kukata koti namna hiyo hapa. Ulishinda. Ila ulishinda Voi, mbele ya watu wasio na la kukupa.

Mpelekee Fundi Ishaq barua hii. Asome yote.

Baba yako aliyekukosea,
Philemon Shitanda


Shinyalu
18 Aprili 1965

Kwa Baba,

Nakusalimu. Mama anakusalimu pia. Nilimsomea barua yako yote, ndivyo alivyotaka. Aliuliza kama bado uko chumba cha brashi. Hakuuliza lingine.

Nilimpelekea Fundi Ishaq. Anasoma polepole, aliisoma amesimama. Alipofika kwa Kipkemboi alivua miwani. Akaniuliza, "Mgongo haukuvuta?" Nikasema haukuvuta. Akauliza, "Hata alipoinua mikono?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akasema, "Alhamdulillahi," kisha akasema, "Pole, binti." Siku hiyohiyo aliandika Nairobi. Jibu limekuja wiki hii, mistari miwili. Nafasi ni moja na ina mtu wake.

Fundi alisema niwe narudi kwake kila Jumamosi, nikate na kushona nguo za wateja. Nilikwenda mara moja tu. Nilishika mkasi juu ya kitambaa cha mteja, vipimo vimeandikwa wazi, na mkono haukuteremka. Kila namba naitazama nikiiuliza kama ni ya kweli. Fundi alingoja, halafu akauchukua mkasi taratibu.

Sina hasira, Baba. Ningekuwa nayo ningekuandikia kwa urefu.

Naomba kitu kimoja. Nitumie kamba yako. Yako wewe. Ya kwanza nimeichoma. Nilimuuliza Mama kama nikuombe, nikijua alivyokasirika mwaka jana. Aliendelea kuchambua maharagwe, halafu akasema, "Atume."

Mwanao,
Jescah Ayuma


Voi
9 Mei 1965

Mama,

Salamu kwako na kwa mama yako. Chumba cha brashi sipo tena. Sipo kwenye chumba chochote cha kazi, nakaa nje kwenye gunia na kuwatazama wengine wakipita. Kipkemboi ananichotea maji. Amevaa koti lako hata juani, namkataza, hasikii.

Kamba hiyo imo ndani. Nimejipima mwenyewe, hakuna aliyenishika. Nimeanzia ncha iliyoungua kama ulivyonifundisha. Angalia, mafundo hayakufuatana kama yale ya kwanza. Fundo la kiuno limerudi nyuma, limelipita la urefu wa koti. Nimelitia uzi mwekundu usije ukalichanganya. Mengine utayajua.

Kamba sikuikata baada ya nyonga. Ukiinyoosha yote, kutoka ncha iliyoungua hadi mwisho wake, ndio mimi nikiwa nimelala, kutoka utosini hadi kwenye nyayo. Hicho kipimo hukukiomba. Mpe mama yako, anajua ni cha kumpa nani.

Ni sahihi. Safari hii unaweza kukata.

Baba yako,
Philemon Shitanda